Namna ya Kuyatunza Macho kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Jicho lina utaratibu wake wa kujisafisha ambao wengi wetu hatuutilii maanani. Kila mtu anapopepesa, kope hutandaza machozi juu ya kioo cha mbele cha jicho, na machozi hayo hukusanya vumbi na vijidudu na kuvisogeza hadi kwenye pembe iliyo karibu na pua, ambako kuna vitundu vidogo vinavyoyapeleka puani. Ndiyo sababu anayelia hutokwa na makamasi. Sehemu kubwa ya kuyatunza macho ni kuuacha utaratibu huo ufanye kazi yake bila kuvurugwa, na sehemu iliyobaki ni kwenda kupimwa kabla jicho halijaanza kulalamika, kwa kuwa baadhi ya maradhi yanayopofusha hayaumi hata kidogo. Mwongozo huu unafuata mambo hayo mawili, na utakaa zaidi mahali ambapo wakazi wa jiji hili hujiumiza wenyewe mara nyingi. Kwa maoni yangu, mahali hapo ni kwenye kaunta ya duka la dawa kuliko kwenye kioo cha simu.

Mikono, leso na macho mekundu

Mtu aliyesafiri kwa daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo ameshika bomba lililoshikwa na mamia ya watu tangu alfajiri, amepokea chenji kutoka kwa kondakta, amesukuma dirisha lenye vumbi, na akishuka jambo la kwanza analofanya ni kujipangusa jasho na kujifikicha macho kwa mkono uleule. Jizoeze kwamba mkono ambao haujaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka haugusi jicho. Beba leso yako mwenyewe kwa ajili ya jasho, uifue kila siku, na usimwazime mtu. Macho yakiwasha, yafumbe na uyafunike kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi kwa dakika chache. Muwasho utapungua bila wewe kufikicha. Hili ni muhimu hasa kwa watoto wenye mzio, ambao hufikicha macho mchana kutwa, kwa sababu kufikicha kwa miaka mingi kunaweza kukilegeza kioo cha mbele cha jicho hadi kikachongoka taratibu, na hapo miwani ya kawaida haitoshi tena kumrudishia mtoto uoni mzuri.

Mwanzoni mwa mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu uliposambaa Dar es Salaam, watu walianza kushauriana kuosha macho kwa chai ya rangi, maji ya chumvi, maziwa ya mama na hata mkojo, na Wizara ya Afya ikalazimika kuwaonya wananchi waache. Ugonjwa wa namna ile husababishwa na virusi, huenea kwa mikono na vitu vinavyogusa uso, na kwa kawaida hupona wenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili. Antibayotiki haiui virusi. Anachohitaji mgonjwa ni kufuta tongotongo kwa pamba au kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa yakapoa, akifuta mara moja na kukiweka kando kile alichokitumia, kulala na mto na taulo lake peke yake, kunawa mikono kila anapoyagusa macho, na kukaa nyumbani siku zile ambazo macho yanatoa majimaji mengi. Salamu za kushikana mikono zinaweza kungoja.

Hata hivyo si kila jicho jekundu ni la kusubiri. Iwapo jicho linauma kwa ndani, haliwezi kustahimili mwanga, limepunguza uwezo wa kuona, lina doa jeupe juu ya sehemu nyeusi, au ni la mtoto mchanga, mgonjwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Dawa ya matone

Mazungumzo ya dukani huwa mafupi. “Dada, naomba dawa ya macho, yamekuwa mekundu tangu jana.” Muuzaji anafungua kabati la vioo, anatoa kichupa na kukiweka kaunta. “Hii inaondoa wekundu leo leo, kaka.” Hakuna aliyeuliza kama jicho linauma, kama mteja ana kisukari, kama jicho liligongwa, au kama yupo mtu wa ukoo wake aliyepofuka.

Kichupa hicho huenda kikawa na antibayotiki peke yake, na huenda kikawa na antibayotiki iliyochanganywa na steroidi. Steroidi ndiyo inayoondoa wekundu kwa haraka na kuifanya dawa isifiwe mtaani. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari anayemfuatilia mgonjwa, lakini ikitumiwa kwa wiki kadhaa bila usimamizi inaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho hadi mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo ukaharibika, na ikitumiwa kwa muda mrefu zaidi inaweza kuleta mtoto wa jicho hata kwa kijana. Mbaya zaidi, jicho lenye kidonda cha fangasi au cha virusi vya malengelenge likitiwa steroidi hupoa kwa nje huku kidonda kikichimba kwa ndani. Kwa hiyo kabla ya kulipa, geuza kasha usome viambato vyake: ukikuta deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni na hujaandikiwa na daktari, irudishe. Matone ya kuondoa wekundu kwa ajili ya urembo nayo yana hila yake, kwani huibana mishipa ya damu kwa saa chache, na dawa ikiisha nguvu mishipa hutanuka zaidi ya mwanzo, mtu akajikuta anatia tena na tena.

Dawa za majani, asali, maji ya kitunguu na vingine vinavyopendekezwa kwa mtoto wa jicho sina la kuvisemea zaidi ya kwamba visiingie jichoni. Mtoto wa jicho ni ukungu ndani ya lenzi, nyuma ya mboni, mahali ambapo tone la kitu chochote halifiki kuuondoa. Tiba yake ni upasuaji wa kuitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia. Anayesubiri majani yafanye kazi anajipotezea miezi ya kuona, na mara nyingine anaongeza kidonda juu ya ukungu.

Ukiwa umeandikiwa dawa ya matone, itie hivi. Nawa mikono, kisha hakikisha tarehe ya kuisha muda haijapita. Kaa au lala, inua uso, na kwa kidole kimoja vuta kope ya chini kuelekea shavuni hadi itengeneze kijifuko. Tazama juu, usikitazame kichupa, halafu dondosha tone moja ndani ya kijifuko hicho bila ncha ya kichupa kugusa kope wala nyusi. Tone moja linatosha, kwa kuwa jicho haliwezi kubeba zaidi na linalofuata litamwagikia shavuni pamoja na pesa yako. Fumba jicho taratibu bila kulikaza, na ubonyeze pembe iliyo karibu na pua kwa dakika moja au mbili ili dawa isikimbilie puani na kooni. Wale wanaolalamika kwamba dawa ya macho ni chungu mdomoni wanairuka hatua hii. Kama una dawa mbili tofauti, zipishe kwa dakika tano. Andika kwa kalamu tarehe uliyokifungua kichupa, na isipokuwa maelezo yake yanasema vinginevyo, kitupe baada ya wiki nne hata kama dawa imebaki nusu. Kichupa kisiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, na kisitumiwe na watu wawili, hata wakiwa mtu na mkewe.

Jua, upepo na vumbi

Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mnamo Oktoba. Mionzi yake isiyoonekana, ile ya urujuanimno, ina nguvu mwaka mzima, na kwa anayeshinda Feri, Kigamboni au kwenye fukwe za Msasani, maji ya bahari na mchanga mweupe huirudisha mionzi hiyo usoni kutoka chini, mahali ambapo kofia haizuii. Mionzi hiyo, pamoja na upepo na vumbi, ndiyo inayohusishwa na kile kijinyama chenye umbo la pembetatu kinachoota upande wa pua na kusogea polepole kuelekea kwenye mboni, ambacho ni rahisi kukiona kwa wavuvi, madereva wa bodaboda na wauzaji wa barabarani. Mionzi hiyohiyo inachangia pia mtoto wa jicho.

Kinga yake ni kofia yenye ukingo mpana na miwani ya jua. Kuhusu miwani kuna jambo ambalo wauzaji wa kwenye mataa hawatakuambia: weusi wa kioo hauna uhusiano na uwezo wake wa kuzuia mionzi. Kioo cheusi kisicho na kinga huifanya mboni itanuke kwa sababu ya giza, na hivyo mionzi inapata mlango mpana zaidi wa kuingilia. Tafuta iliyoandikwa UV400, alama ya kwamba kioo kinazuia mionzi hiyo, na kwa kuwa maandishi hayo hubandikwa hata kwenye miwani isiyostahili, ipeleke kwenye duka la miwani lenye kifaa cha kupimia waikague. Miwani yenye kioo kikubwa kinachokaribia uso ni bora kuliko ile midogo ya fasheni, kwa kuwa mionzi huingia pia kupitia pembeni.

Anayepanda bodaboda, awe dereva au abiria, ashushe kioo cha helmeti. Abiria wengi hukataa helmeti kwa sababu ya jasho la waliotangulia, na siwalaumu sana, lakini basi angalau wavae miwani, kwa maana mdudu au punje ya mchanga anayekutana na jicho kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa anaweza kulichubua. Usiku miwani hiyo iwe ya kioo cheupe. Miwani ya giza usiku katika barabara ya Mandela ni hatari ya aina nyingine kabisa.

Ndani ya nyumba adui ni feni. Katika miezi ya joto, kuanzia Desemba hadi Machi, watu hulala feni ikiwapuliza usoni usiku kucha, na kwa kuwa baadhi yetu hatufumbi macho barabara tukiwa usingizini, machozi hukauka na asubuhi jicho linaamka jekundu lenye kuhisi mchanga. Ielekeze feni miguuni au ukutani. Ofisini, sogeza kiti ili upepo wa kiyoyozi usikupige usoni. Macho yanayokauka mara kwa mara yanaweza kusaidiwa na matone ya machozi ya bandia, ambayo hayana dawa kali ndani yake, ila anayeyahitaji zaidi ya mara nne kwa siku achague yasiyowekwa kihifadhio au amwone mtaalamu.

Simu na kompyuta

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa hofu iliyopo imezidi tatizo lenyewe. Mwanga wa simu haupofushi. Kinachochosha macho ni kwamba mtu anayekazia macho kioo husahau kupepesa, akashuka kutoka karibu mara 15 kwa dakika hadi pengine nusu yake au chini ya hapo, na wakati huohuo misuli midogo inayoikunja lenzi kwa ajili ya kuona karibu inakaa imekaza kwa saa nyingi. Kila baada ya dakika 20, inua uso utazame kitu kilicho umbali wa mita 6 au zaidi kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi, ukifumba kabisa kila mara. Shika simu umbali wa sentimita 40 hivi. Kioo cha kompyuta kiwe chini kidogo ya usawa wa macho, dirisha likiwa ubavuni, lisiwe nyuma yako wala mbele yako. Kuhusu miwani ya kuzuia mwanga wa buluu inayouzwa kwa bei ya juu mjini, mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba inapunguza uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida kwa muda mfupi uliopimwa. Fedha hiyo ni afadhali ikalipie kipimo.

Kwa watoto suala ni tofauti. Mtoto anayeshinda ndani akiwa na simu au vitabu karibu na uso yuko katika hatari zaidi ya kuwa na macho yasiyoona mbali, na kinachosaidia kuzuia hali hiyo ni kucheza nje kwenye mwanga wa mchana kwa takriban saa mbili kila siku. Katika nyumba za kupanga zisizo na uwanja hili si jepesi, lakini hata kutembea kwenda na kurudi shule kunahesabika.

Karakana, ujenzi na sabuni za nyumbani

Anayepita Gerezani au Keko ataona mafundi wa kuchomelea vyuma wakifumba macho na kugeuza shingo badala ya kuvaa kinga, na vijana wanaoshika chuma wakiwa hawana chochote usoni. Mwanga wa kuchomelea huunguza kioo cha mbele cha jicho, na maumivu hayaji palepale. Huja saa kadhaa baadaye, usiku, mtu akahisi kama ametiwa pilipili. Fundi avae kofia ya kuchomelea yenye kioo maalumu, msaidizi wake naye, na wapita njia wasisimame kutazama. Kwenye grainda na kwenye kupasua mawe, miwani ya plastiki inayofunika hadi pembeni ndiyo inayofaa. Chembe ya chuma ikiingia, usikubali mwenzako aitoe kwa njiti ya kiberiti au pembe ya leso, na ikiwa kitu kimechoma na kubaki ndani ya jicho, usikivute wala usilibonyeze jicho. Lifunike kwa kikombe safi cha karatasi na uende hospitali.

Kuna hatari moja ambayo imeongezeka uani kwetu tangu utengenezaji wa sabuni uwe biashara ya nyumbani, nayo ni kostiki soda. Hiyo, pamoja na chokaa na saruji mbichi, hupenya ndani ya jicho kwa kasi kuliko hata tindikali ya betri, na madhara yake huamuliwa na dakika za mwanzo. Kwa hiyo fahamu la kufanya kabla halijatokea. Mlaze aliyeumia au muinamishe chini ya bomba, ugeuze kichwa ili jicho lililoingiwa liwe upande wa chini, na maji yatiririke kutoka pembe ya pua kwenda nje ili uchafu usiingie jicho la pili. Mtu mwingine aachanishe kope zake kwa vidole, kwa sababu mwenyewe hataweza kuliacha wazi, na aliyeumia azungushe jicho pande zote. Endeleeni kwa dakika 20 hadi 30 bila kukatisha, na dakika hizo ni ndefu, mgonjwa atawasihi muache. Bomba likiwa limekauka, kama ilivyo desturi ya mitaa yetu mingi, tumieni dumu na jagi au chupa za maji ya kunywa. Usafi wa maji ni jambo jema, lakini uharaka unatangulia. Msitie ndimu wala siki kwa nia ya kuizima kostiki. Vipande vya chokaa vinavyoonekana vioshwe vitoke, kisha ndipo mwelekee hospitali, na ikiwezekana mwendelee kumwagia maji njiani. Anayechanganya sabuni avae miwani ya kinga na aweke maji pembeni kabla hajafungua ndoo, watoto wakiwa mbali.

Urembo

Kope za kubandika si dhambi, lakini gundi yake ikitiririka ndani huunguza, na kope zinazokaa wiki tatu bila kusafishwa hukusanya mafuta na uchafu kwenye shina la kope za asili hadi pakavimba. Mwambie msusi anawe mikono, atumie vibanio vilivyosafishwa, na usioshe uso kwa kuikwepa sehemu hiyo. Isafishe taratibu kila usiku. Wanja na maskara visishirikiwe, hata siku ya harusi ambapo bibi harusi na wasimamizi wake wote hupakwa kwa brashi moja. Maskara itupwe baada ya miezi mitatu. Wanja wa kienyeji usiojulikana ulichotengenezwa nacho unaweza kuwa na madini ya risasi, na mtoto mchanga asipakwe kabisa. Lenzi za rangi zinazovaliwa ndani ya jicho zinunuliwe baada ya kupimwa, zioshwe kwa dawa yake na kamwe si kwa maji ya bomba au mate, na zisilaliwe nazo.

Chakula

Soko lolote la jiji hili linauza kile ambacho macho yanahitaji kwa bei ndogo kuliko vidonge: matembele, mchicha, kisamvu, maembe na mapapai yaliyoiva, karoti, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, mayai, maini na dagaa. Mboga za majani zipikwe na mafuta kidogo au nazi, kwa kuwa vitamini A hufyonzwa pamoja na mafuta. Watoto wa miezi 6 hadi 59 wapelekwe kupewa matone ya vitamini A ambayo hutolewa bure kila baada ya miezi sita. Sigara huharakisha mtoto wa jicho na huharibu uzeeni sehemu ya katikati ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, na moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao haufai. Mkaa na kuni vipikiwe nje au mlangoni.

Kupimwa kabla ya kulalamika

Kipo kipimo kidogo ambacho mtu anaweza kujifanyia kituoni. Funika jicho la kushoto kwa kiganja bila kulibonyeza, usome jina la njia lililoandikwa mbele ya daladala inayokuja, kisha kwa daladala inayofuata funika la kulia. Wengi hugundua kwa njia hii kwamba jicho moja lilikuwa limebebwa na mwenzake kwa muda mrefu. Ukiona tofauti kati ya macho yako mawili, nenda ukapimwe. Kipimo hiki, lakini, hakigundui ugonjwa unaonitia hofu zaidi.

Ugonjwa huo ni presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Mara nyingi shinikizo ndani ya jicho huwa juu kuliko mshipa wa fahamu unavyoweza kustahimili, na mshipa hufa kidogo kidogo kuanzia sehemu inayoona pembeni. Mgonjwa anaendelea kusoma ujumbe wa simu na kutambua nyuso, kwa sababu katikati bado pako sawa, huku akianza kugonga milango kwa bega na kushtushwa na bajaji zinazotokea ubavuni. Akifika hospitali amekwisha kupoteza sehemu kubwa, na kilichopotea hakirudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Tiba huokoa kilichobaki tu. Watu weusi huupata zaidi, na hupofuka kwa ugonjwa huo zaidi, kuliko Wazungu, na ndugu wa damu wa mgonjwa wako katika hatari kubwa zaidi ya wengine. Aliyetimiza miaka 40 apimwe kila mwaka mmoja hadi miwili, na mwenye mzazi, kaka au dada mwenye ugonjwa huo aanze mapema zaidi. Hakikisha umepimwa shinikizo na daktari ametazama mshipa wa fahamu ndani ya jicho, kwa sababu kusomeshwa herufi ukutani peke yake hakutoshi. Ukiandikiwa matone ya presha ya macho, utayatia kila siku maisha yako yote bila kuona nafuu yoyote, na hapo ndipo wengi huacha. Usiache.

Mwenye kisukari cha ukubwani atazamwe retina tangu siku anayogundulika, na baada ya hapo kila mwaka, hata akiwa anaona vizuri, kwani mishipa midogo ya nyuma ya jicho huvuja kimya kimya. Mama mjamzito mwenye kisukari atazamwe mapema katika ujauzito. Mwenye shinikizo la damu na mwenye siko seli nao wana sababu ya kumwona daktari wa macho mara kwa mara.

Kusogeza simu mbali ili kusoma baada ya miaka 40 si ugonjwa. Lenzi imekakamaa, na miwani ya kusomea itatosha. Haiharibu macho wala kuyazoesha uvivu, kama inavyosemwa vijiweni. Ya tayari inayouzwa barabarani inaweza kutumika ikiwa macho yote mawili yako sawa, ila mtu akishaipata hufikiri amemaliza, na fursa ya kupimwa presha ya macho inampita.

Mtoto apimwe kabla ya kuanza darasa la kwanza. Makengeza yanayoendelea baada ya miezi minne ya umri yaonwe na daktari, kwa kuwa jicho lisilotumika utotoni ubongo huliacha, na baada ya miaka ya mwanzo ya shule ni vigumu kulirudisha. Mboni inayong’aa nyeupe, ambayo mara nyingi huonekana kwanza kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, inaweza kuwa dalili ya saratani ya jicho. Mtoto huyo asingoje mwisho wa mwezi.

Huduma za macho zinapatikana katika hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, na katika hospitali ya CCBRT iliyopo Msasani. Siku ya kwenda, beba miwani yako ya zamani, dawa zote unazotumia pamoja na vichupa vyake, na kadi ya kliniki ya kisukari au shinikizo la damu ikiwa unayo. Nenda na mtu wa kukusindikiza, kwa sababu huenda ukatiwa matone ya kutanua mboni ambayo hukuacha ukiona ukungu na kuchukia mwanga kwa saa kadhaa. Siku hiyo usiendeshe gari wala pikipiki, na uwe na kofia au miwani ya jua ya kurudia nyumbani. Kabla hujatoka, omba uandikiwe vipimo vya miwani na namba ya shinikizo la kila jicho, uzipige picha na kuzihifadhi, ili daktari atakayekuona mwakani awe na cha kulinganishia.